Mapendo Yaliyokuja kwa Merikebu

Ukitoka Mtwapa kwa barabara ya Malindi, kabla minazi ya Kikambala haijakupokea, kuna njia ya vumbi inayokata kulia kuelekea baharini. Mwisho wake ni Jumba la Mtwana, mji wa mawe uliojengwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Mwaka 1972 James Kirkman aliuchimbua, na kuta zilizomezwa na mizizi zikaonekana tena: nyumba, makaburi, misikiti. Msikiti ninaourudia kila mara ni ule wa ufuoni. Nje yake lipo birika la kutawadhia, na pembeni mawe ya matumbawe yaliyowekwa ili mtu asugulie nyayo kabla ya kuingia kusali. Nimeweka kiganja juu yake mara nyingi. Bado yanakwaruza.

Ibn Battuta alipotia nanga Mombasa mwaka 1331 aliuona uchaji wa namna hii kwa macho yake. Anasimulia kuwa watu walitembea peku, na kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima cha maji na kata ya mti, kila aingiaye aoshe miguu. Aliwasifu kuwa watu wa dini, wema na waadilifu. Huenda waliojenga hapa Jumba walikuwa wajukuu wa watu hao hao.

Siku moja mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini chini ya mbuyu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Leo tena?"

"Leo tena."

"Wewe si wa kanisani? Msikitini unatafuta nini?"

Natafuta umri wa mambo, ndilo jibu ambalo ningempa leo. Mimi nimekulia Kikambala katika mafundisho ya Kikatoliki. Tukiwa watoto tulikaa kwenye mkeka, katekista akituhesabia kwa vidole fadhila za Kimungu: imani, matumaini, mapendo. Kidole cha tatu alikishika muda mrefu kuliko vile viwili, akakitikisa. Sikujua wakati ule kwamba namna ile ya kuzipanga fadhila, na ile shauku ya kukitikisa kidole cha tatu, vilikomaa kwenye vyuo vya Ulaya miaka ile ile ambayo watu wa pwani hii walikuwa wakichoma chokaa na kuchonga matumbawe. Wala sikujua ni kwa njia gani vilifika kwetu. Vilikuja kwa merikebu, na merikebu ile ilibeba pia mizinga.

Thoma wa Akwino alizaliwa Italia yapata mwaka 1225 na kufariki 1274. Alikuwa mtawa Mdominiko, akafundisha Paris wakati chuo kikuu cha mji huo kilikuwa kimegawanyika vibaya. Walimu wa kijimbo waliwashambulia watawa ombaomba, Wadominiko na Wafransisko, wakisema hawana haki ya kufundisha wala ya kujiona wamo katika hali ya ukamilifu. Wafransisko kwa upande wao walijivunia ufukara wao, na baadhi yao walizungumza kana kwamba kadiri mtu anavyokosa ndivyo anavyomkaribia Mungu. Swali likawa: ukamilifu wa roho ni nini hasa? Ni kufunga? Ni kulala chini? Ni nadhiri?

Mwaka 1269 au 1270 Thoma aliandika kitabu kizima juu ya swali hilo, kisha akalirudia katika kazi yake kubwa, ile Summa. Jibu lake linasimama wima mpaka leo. Ukamilifu wa maisha ya Kikristo ni mapendo, kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Yaliyobaki yote, ufukara, useja, utii, mfungo, mkesha, ni vyombo vya kazi. Alitoa mfano wa tabibu: tabibu hutaka mgonjwa apone kabisa bila kiasi, ila dawa huipima, haimwagi yote aliyo nayo. Sisi wa huku tungesema fundi wa mtumbwi hahesabiwi ufundi kwa wingi wa tezo. Anaulizwa kama chombo kinaelea.

Naliandika hili kwa uchungu, kwa kuwa kaunti yetu imeona kinyume chake. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, magharibi ya Malindi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu waliofunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kumlaki Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, wakiwamo watoto wengi. Thoma alikwisha kuandika, zaidi ya miaka 700 kabla, kwamba mfungo unaomnyima mtu chakula kinachomweka hai si fadhila, maana umeiacha akili. Laiti maneno hayo yangalisomwa kwa sauti huko Malindi, kwa Kigiriama, kabla ya mvua za mwaka ule.

Kuna jambo la pili katika mafundisho yake ambalo nataka msomaji alishike, kwani hadithi yote inayofuata inaning'inia hapo. Thoma anayaita mapendo urafiki: urafiki wa mtu na Mungu, unaomwagika mpaka kwa wote walio wa Mungu, hata adui. Na urafiki haulazimishwi. Kwa hiyo, anasema, wasioamini ambao hawajawahi kupokea imani wasishurutishwe kuipokea, kwa sababu kuamini ni tendo la hiari. Tena watoto wa wasioamini wasibatizwe kinyume cha ridhaa ya wazazi wao. Kabla mtoto hajapata akili ya kujiamulia, yumo chini ya ulinzi wa baba yake kwa haki ya maumbile yenyewe, na kumnyang'anya ni dhuluma, hata kama unamnyang'anya ili umpeleke mbinguni.

Sitamsafisha kupita kiasi. Mtu huyo huyo aliruhusu waliokwisha kuipokea imani wabanwe waishike, na wazushi wakabidhiwe kwa serikali wauawe. Hilo nalo lilisafiri merikebuni. Lakini lile la watoto aliliandika wazi, na wasomi wote waliomfuata walilijua.

Mwaka 1542 mafundisho haya yalikanyaga mchanga wetu kwa miguu ya mtu anayejulikana. Fransisko Ksaveri, mmoja wa Wajesuiti wa kwanza kabisa, alisoma Paris, mji ule ule wa Thoma. Aliondoka Lisbon Aprili 1541, akakwama Msumbiji miezi kadhaa akiuguza mabaharia, kisha mapema mwaka uliofuata merikebu yake ikatia nanga Malindi, njiani kwenda Goa. Wareno walikuwa marafiki wa Malindi tangu Vasco da Gama alipopewa rubani hapo mwaka 1498, na msalaba wao wa mawe ulikuwa umesimama. Ksaveri anasimulia katika barua yake ya Septemba 1542 jinsi alivyofarijika kuuona. Alizika mtu wa merikebuni aliyefia hapo. Kanisa dogo linaloitwa kwa jina lake bado lipo Malindi, limeezekwa makuti, na uani kuna makaburi. Ukisimama ndani utahisi kwamba ni chumba cha kuombea wafu, wala si cha kuhubiria walio hai.

Katika barua hiyo kuna tukio ambalo halinitoki kichwani. Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimwendea Ksaveri akamuuliza kama makanisa ya Wakristo hujaa watu na kama wanasali kwa bidii, kwa sababu kwao Malindi ibada ilikuwa imepoa. Misikiti ilikuwa 17, akasema, na ni mitatu tu iliyokuwa na watu, tena wachache. Alidhani ni kwa ajili ya dhambi kubwa fulani. Hebu mtazame mtu huyo. Anamfuata mgeni wa dini nyingine, anamfungulia jeraha la mji wake, anamuuliza: na kwenu hali ikoje? Huo ni mlango wa urafiki. Ksaveri alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na wasioamini, na zaidi sana hapendezwi na sala zao, ndiyo maana zinafifia. Walibishana, wakaachana kila mtu na rai yake. Ksaveri ni mtakatifu wangu na namwomba aniombee, lakini siku hiyo Malindi nasema alikosa.

Merikebu ziliendelea kuja. Katika miaka ya mwanzo ya 1590 sultani wa Malindi, rafiki wa Wareno, alihamishiwa Mombasa baada ya mji huo kutekwa. Mwaka 1593 ulianza ujenzi wa Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Sultani aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Na mwaka 1597 walifika kutoka Goa watawa Waaugustino, wakajenga nyumba yao mjini, pale panapoitwa leo Mji wa Kale.

Hapa yafaa tutue kidogo, maana shirika hili lina sehemu kubwa kwetu kuliko watu wanavyodhani. Augustino wa Hippo, ambaye shirika linabeba jina lake, alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354. Kati ya waalimu wa Kanisa la Magharibi hakuna aliyeandika juu ya mapendo kama yeye, na Thoma alikunywa sana kwenye kisima chake. Kanuni wanayoifuata watawa wake inawataka waishi nyumba moja kwa moyo mmoja na roho moja, wakielekea kwa Mungu. Kwa hiyo mwaka 1597 mawazo ya Mwafrika yalikuwa yamezunguka kupitia Roma, Lisbon na Goa, yakarudi Afrika kwa mlango wa Mombasa. Natamani niandike kwamba yalipokelewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Yaliingia chini ya kivuli cha mizinga, na makapteni waliokuja nayo walikuwa wafanyabiashara wa pembe na ambari kuliko chochote.

Sultani Hassan bin Ahmad, aliyerithi kiti hicho cha Mombasa, aligombana na makapteni hao juu ya mali na madaraka. Mwaka 1614, akihofia roho yake, alikimbilia bara, upande wa Rabai, kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, wanaohesabiwa kuwa wazee wa Wamijikenda wa leo. Wareno wakawahonga wenyeji wake. Aliuawa kule alikoomba hifadhi, na kichwa chake kikapelekwa Goa.

Alikuwa na mtoto wa kiume, Yusuf, mwenye umri wa miaka kama saba.

Mtoto naye alipelekwa Goa. Watawa Waaugustino walimchukua wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza, wakampa jina: Dom Jerónimo Chingulia. Sina shaka kwamba wapo waliompenda kweli. Mtoto yatima wa ng'ambo, mwerevu, anayejifunza Kireno na sala. Ni mtawa gani mwenye moyo ambaye asingempenda? Lakini kitabu cha Thoma kilikuwa kwenye rafu zao. Palikuwa na swali limeandikwa humo, na jibu lake: mtoto asibatizwe kinyume cha ridhaa ya baba yake. Baba huyu hakuweza kuulizwa. Kichwa chake kilikuwa kimefika katika mji ule ule.

Kwangu mimi hapa ndipo penye kisa chote. Husemwa mara kwa mara, na watetezi na wapinzani vilevile, kwamba yaliyotendeka yalikuwa ndiyo mafundisho ya zama zile, tusiwahukumu kwa mizani ya leo. Mizani ya zama zile ilikuwapo, nayo ilikuwa kali. Ilisema mapendo ni urafiki na urafiki hauporwi. Waliokuja nayo hawakuiweka kwenye kikombe cha mtoto huyu.

Mwaka 1626 Dom Jerónimo alitangazwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Alikuwa na mke Mkristo. Mwaka 1627 alimwandikia Papa Urbano VIII barua ya utii, akavikwa heshima ya Shirika la Kristo la Ureno. Kwenye karatasi alikuwa tunda kamili la misioni. Mjini alikuwa mgeni mara mbili: Waislamu walimwona Mreno, na kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimtendea kama mtu wa kuchungwa. Masimulizi ya Wareno yanasema alionekana usiku akisali kwa sala ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, habari zikamfikia kapteni, na kapteni akapanga kumrudisha Goa ashtakiwe. Nalifikiria kaburi hilo. Mtu wa miaka kama 24, mfalme, anatoka gizani bila taa kwenda kwa baba ambaye hakuruhusiwa kumlilia.

Usiku mmoja wa Agosti 1631, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria ikiwa imeingia, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma Leitão de Gamboa kwa kisu. Ngome ikawa yake. Wakristo wa mjini walikimbilia nyumba ya Waaugustino wakajifungia. Yusuf, aliyekwisha kulirudia jina lake na dini yake, aliwapa hiari: wasilimu waishi, au wafe. Hapo mwana wa Hassan akawatenda wengine kile alichotendewa yeye: akaweka imani kwenye ncha ya silaha.

Waliouawa walikuwa mamia. Watawa walikuwa watatu tu. Wareno walikuwa wengi, waume, wake na watoto wao. Lakini kundi moja limesahauliwa hata na Wakatoliki wa hapa, nalo ni la Waafrika waliobatizwa, zaidi ya mia. Mreno angeweza kufa kwa sababu tu ya kuwa Mreno. Hawa walikuwa na njia. Neno moja lingetosha, wangerudi kwa ndugu zao mtaani. Baadhi walilitamka, na nani atawalaumu? Wengi walikataa. Miongoni mwao alikuwa Dom António wa Malindi, kijana, jamaa wa damu wa mfalme mwenyewe. Aliitwa kwa udugu, akakataa, akauawa.

Thoma aliuliza kama kufia dini ndilo tendo kamili kuliko yote. Jibu lake ni la kupimwa neno kwa neno. Kifo chenyewe si kitu cha kusifiwa, anasema. Hakuna ukamilifu katika kufa. Kinachokifanya kiwe tendo kamili ni mapendo yaliyomo, kwa kuwa hakuna anachokipenda mtu kuliko uhai, na anayeuachia kwa ajili ya rafiki ameonyesha kipimo cha urafiki wake. Bila mapendo, shahidi ni maiti tu. Ndiyo maana nawatenga kabisa waliokufa Mombasa 1631 na wale wa Shakahola waliofundishwa kukitafuta kifo. Dom António hakukitafuta. Alitafutwa nacho, naye alikuwa na kitu asichoweza kukiachia.

Mwaka 1632 Waaugustino walifungua uchunguzi Goa. Walionusurika waliitwa mmoja mmoja, wakaulizwa chini ya kiapo: nani alikufa, vipi, na alisema nini. Majalada yakapelekwa Roma ili wafiadini hao watangazwe. Hadi leo hawajatangazwa watakatifu.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1632 majeshi ya majini ya Goa yaliizingira ngome yakashindwa. Lakini Yusuf aliona hawezi kuishikilia. Mwezi wa Mei alivunja alichoweza kuvunja, akapanda merikebu aliyoiteka kwa Wareno, akaondoka. Miaka sita aliizunguka Bahari ya Hindi kama mwindaji wa majahazi, hana mji, hana kiti, akafa yapata 1638 upande wa Jeddah. Wareno walirudi katika mji uliokuwa mtupu.

Juu ya lango la Ngome ya Yesu lipo jiwe lenye maandishi ya Kireno yanayotaja mwaka 1635. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajitambulisha humo kuwa alipewa ngome hiyo akiwa na umri wa miaka 27, ameijenga upya, na ameirudisha pwani ya Malindi chini ya mfalme wake. Anaorodhesha miji aliyoiadhibu, kuta alizozibomoa na wafalme aliowatoza kodi, na Wamusungulo nao wamo. Nililipiga picha jiwe hilo, kisha nikakaa na mtu ajuaye Kireno tukalipitia mstari kwa mstari. Nilikuwa natafuta Waafrika wale zaidi ya mia. Hawakuwamo.

Kila tarehe 15 Agosti huku kwetu Kikambala tunaadhimisha Kupalizwa. Kina mama wa jumuiya huvaa vitenge vya sare, ngoma hutangulia, vigelegele hufuata mpaka altareni. Mwaka jana nilimwomba padre, baada ya ibada, tusali kwa ajili ya roho za waliokufa Mombasa siku kama zile. Akaniuliza majina. Nilikuwa na moja tu la mtu wa pwani, Dom António. Kisha nikasema: na Hassan bin Ahmad, na Yusuf mwanawe. Padre alinitazama, akayaandika yote matatu kwenye karatasi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Jumba kwa miguu kupitia ufuoni, maji yakiwa yamekupwa. Mzee alikuwa palepale.

"Babu, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Kaa."

Nikakaa, nikaanza kumweleza.